Sanduku la Dallas

"Dallas, ama hakuna kitu," Jacques alisema kwa mara ya tatu, na safari hii hakujali tena pazia.

Upande wa pili wa pazia hilo waliishi Papa Hardy na watu wake, na televisheni yao ilikuwa imepunguzwa sauti tangu ugomvi uanze. Katika fleti za Albert Park, mjini Durban, familia mbili zikigawana sebule moja, ugomvi wa huku ni sinema ya kule. Mireille alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, ileile aliyotumia saluni kumwambia mteja kwamba nywele za bandia alizonunua zimeoza.

"Dallas hawalipi," alisema. "Kessing wanalipa. Masomo, chakula, mahali pa kulala, mpaka tiketi. Sasa unataka mtoto aende kule hawalipi?"

"Dallas iko Papy."

"Papy si chuo."

Laurette alikuwa amekaa sakafuni kati yao, vitabu vyake vimetandazwa juu ya sanduku kubwa la zambarau. Jumatatu alikuwa na mtihani wa uhasibu, na macho yake yalikuwa kwenye ukurasa mmoja ambao hakuwa ameufunua tangu chai ya jioni. Sanduku lilikuwa jipya, la magurudumu manne, na kwa kuwa chumba hakikuwa na nafasi ya meza, lilikuwa limegeuzwa meza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Laurette alitaka kusomea biashara, na mwalimu wa ushauri shuleni kwao, Overport, alikuwa amempatia njia ya kuomba vyuo vya Marekani mapema, kabla ya watu wengi. Njia hiyo ilikuwa na nafasi nzuri kuliko nyingine zote, lakini ilikuwa na kamba. Mtu anachagua chuo kimoja tu. Anaapa kwamba wakimchukua ataenda, na maombi yake ya kwingine kote atayafuta. Mzazi naye anaweka sahihi chini ya kiapo hicho. Mwisho wa kutuma ulikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Chuo cha hapohapo Durban nacho alikuwa amekiomba. Lakini mkopo wa serikali ni wa wenye uraia, na wao walikuwa na karatasi za ukimbizi. Kukubaliwa Durban bila pesa ni kukubaliwa kukaa nyumbani.

"Mama Laurette," Jacques alisema, sasa kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Mi nilishashuhudia."

Hapo ndipo palipokuwa na ukuta.

Katika kanisa lao watu hushuhudia kwa imani. Humshukuru Mungu kwa kitu ambacho bado hakijafika, kana kwamba kimeshafika, ili kisikose njia. Na Pasteur Jean-Bosco alikuwa amewafundisha wataje kila kitu kwa jina lake, maana malaika, alisema, hapeleki mzigo usio na anwani. Mtu akitaka gari, ataje aina. Akitaka mume, ataje kazi yake. Basi Jumapili moja mwezi uliopita Jacques alisimama katika suti yake ya kahawia, akapokea maikrofoni, akamshukuru Mungu aliyempa binti yake Laurette chuo cha biashara Dallas, katika mji wa mdogo wake Papy. Kanisa zima lililipuka. Wiki iliyofuata akina mama wa kanisa walileta sanduku lile, wakaliombea, wakaliacha.

Tangu siku hiyo Jacques hakuwa tena mlinzi wa magari. Kule Morningside, mbele ya mkahawa alikosimama na koti lake la kung'aa, alikuwa yuleyule wa kupigiwa filimbi. Lakini Jumapili alikuwa Papa Dallas, na watoto walimwachia kiti.

"Nikigeuza mji," alisema, "nimekuwa mwongo mbele ya Mungu na mbele ya batu. Mi sisaini Kessing. Ukitaka kugeuza, chukua valizi yao hii ya zambarau ukawarudishie wewe mwenyewe. Mi sina uso."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa, kisha sauti ya televisheni ikapanda.

*

Ijumaa Mireille alimwomba mwenye saluni ruhusa ya asubuhi, akaenda Overport. Mlinzi wa getini alimwuliza kama amekuja kutafuta kazi za usafi. Alisema amekuja kumwona Missis Pillay, yule mwalimu wa ushauri, kuhusu mtoto, na mlinzi akamtazama tena tangu kichwani hadi viatuni kabla ya kufungua.

Missis Pillay alikuwa mwanamke mwenye haraka na moyo mzuri, na vitu hivyo viwili vilikuwa vinagongana ndani yake. Alizungumza Kiingereza polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayemsemesha bibi kizee. Mireille alimwacha afike mwisho, kisha akamwambia kwamba ana diploma ya biashara kutoka Bukavu, kwa hiyo anaweza kusema kwa mwendo wa kawaida. Missis Pillay alitahayari, akapunguza sauti, lakini hakuongeza mwendo.

Alieleza kwamba chuo cha Dallas kilikuwa kizuri, ila kwa wanafunzi wa kigeni hakikutoa msaada wa kutosha. Zingebaki dola elfu arobaini kwa mwaka, na mdhamini angetakiwa kuonyesha benki yake. Kama Laurette angejifunga huko na pesa isipatikane, wangemfungua kamba, lakini nafasi ya Kessing ingekuwa imeshapita. Kessing kilikuwa chuo kidogo, kaskazini kabisa, karibu na Kanada. Walikuwa wamesoma insha ya Laurette kuhusu wasusi wa mtaa mmoja wanaoshindana kwa bei mpaka wote wanalala njaa, wakamwandikia wenyewe kumwambia asikose kuomba.

"Kuna ndugu huko?" Missis Pillay aliuliza.

Mireille alisema hakuna. Kisha akauliza lile lililomleta, ambalo hakutaka kuliuliza mbele ya Laurette. Kwa karatasi zao, mtoto akitoka Afrika Kusini, ataweza kurudi?

Missis Pillay alivua miwani. Alisema kutoka kunawezekana, kwa hati ya kusafiria ya mkimbizi, ikitolewa kwa wakati. Kurudi ni suala jingine. Hali ya ukimbizi ya mama na baba inaisha mwakani, na ya mtoto inategemea ya kwao. Amewahi kuwa na mwanafunzi mmoja aliyerudi, na mmoja ambaye hakurudi, na mama wa huyo wa pili bado humpigia simu kuuliza. "I can't promise you anything," alisema, mwendo wa kawaida kabisa.

Mireille alishukuru. Akiwa mlangoni Missis Pillay alimkumbusha kwamba sahihi ya mzazi mmoja inatosha, ya yeyote kati yao. Mireille alijibu kwamba nyumbani kwao anayesaini ni baba. Tangu Laurette aanze shule ilikuwa hivyo.

*

Jioni walimpigia Papy. Wazo lilikuwa la Mireille. Aliiweka simu juu ya sanduku, sauti nje, Jacques upande huu na yeye upande ule, na Laurette akatumwa kununua nyanya ambazo hazikuhitajika.

Papy alipokea kwa furaha. Uso wake ulijaa kioo, nyuma yake kiti cha gari. Alimwita Jacques yaya, yaani kaka mkubwa, akamwita Mireille shemeji mrembo, akauliza valizi imeshafungwa ama bado. Alikuwa ameona picha yake.

Mireille alimweleza habari ya mdhamini na benki. Alieleza vizuri, bila lawama, kama mtu anayesoma bei. Papy alianza kucheka, akaacha, akasema mtandao hausikiki. Mtandao ulikuwa unasikika.

"Papy," Jacques alisema. "Wewe ulisema nikulete mtoto."

"Ndiyo, yaya. Nilisema."

"Ulisema iko nyumba."

"Iko chumba, yaya. Tuko batatu ndani. Mi nalala mchana, wenzangu banalala usiku." Alifuta uso kwa kiganja. "Na karatasi zangu mi mwenyewe, sasa hivi sitaki jina langu lionekane popote. Hata kwenye chuo. Huku mambo imebadilika."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulinipigia ukiwa na furaha," Papy alisema. "Tangu tutoke nyumbani sijawahi kukusikia na furaha vile. Ningesema nini?"

Jacques aliendelea kuitazama simu hata baada ya kioo kuzima. Mireille alisubiri. Hakuwa mwanamke wa kusubiri, lakini alisubiri, kwa sababu alidhani neno litakalofuata litakuwa la kukubali.

"Uwongo ni wa Papy," Jacques alisema mwishowe. "Lakini kinywa kilikuwa changu."

"Kwa hiyo unasaini?"

"Nawezaje? Pasteur ataniuliza mbele ya kanisa, Mungu alikosea mji?"

"Na mtoto?"

Jacques alichukua koti lake la kung'aa kutoka kwenye msumari, akaanza kufuta vumbi ambalo halikuwapo. Mireille angeweza kumpigia kelele, na alikuwa na maneno ya kutosha. Lakini alimwona jinsi alivyofuta, duara dogo, duara dogo, akaona huyu si mtu anayekataa. Ni mtu aliyekwama shimoni na aibu ya kuomba kamba.

Laurette aliporudi na nyanya, alitazama nyuso zao, akaenda moja kwa moja kuosha sufuria.

*

Jumamosi asubuhi, kabla ya wateja, Mireille aliondoa vitabu juu ya sanduku, akavipanga kitandani, akaliburuta hadi kwenye lifti. Lifti ilikuwa mbovu. Alilishusha kwa ngazi, na kila ghorofa kulikuwa na mtu wa kumpongeza. Kumbe safari ni leo? Aliwajibu kwamba siyo leo. Barabarani magurudumu yalipiga kelele juu ya vigae vilivyovunjika, na vijana wa duka la simu wakamwimbia Dallas, Dallas, mpaka robot, taa ya barabarani, ilipowaka kijani akavuka.

Kanisa lao lilikuwa ukumbi juu ya duka la fanicha. Akina mama walikuwa wanapiga deki kwa ajili ya Jumapili. Maman Gracieuse, kiongozi wao, alikuwa amesimama katikati na glovu za mpira, anaonyesha kwa kidole palipobaki uchafu. Aliliona sanduku kabla ya kumwona mtu.

Mireille alisalimia wote kwa heshima, kisha akasema aliyokwenda kusema, bila kuzunguka. Mtoto haendi Dallas. Akienda, ataenda Kessing, na ushuhuda wa Papa Laurette ulitolewa kwa nia njema lakini mahali hapakuwa penyewe. Ameona aje aseme mwenyewe, wasije wakasikia kwa majirani.

Ndoo ya mtu iligonga ukuta. Maman Gracieuse alivua glovu moja.

"Mama Laurette, ushuhuda si kitenge, ukifika nyumbani useme rangi imenikataa. Batu balifunga kula kwa ajili ya Dallas."

"Najua, maman. Na ninashukuru."

"Huyo Kessing ni nani? Nani amemwona?"

"Ni chuo, maman. Wanalipa kila kitu."

"Shetani naye analipa," mama mmoja alisema kutoka dirishani, na wawili watatu wakacheka, kisha wakaona haya.

Mireille alisema kwamba sanduku amelileta kwa sababu lilitolewa kwa jina la Dallas, na yeye hapendi kukaa na kitu cha watu kwa jina lisilo lake. Alisema hivyo akidhani, kama angedhani mtu yeyote, kwamba watamwambia alichukue. Sanduku ni sanduku. Kessing nako mtu hubeba nguo.

Maman Gracieuse alilifungua pale pale sakafuni, akapitisha mkono ndani, akakagua zipu, kisha akalifunga na kulitazama juu. Palikuwa na alama ya wino, ndefu kama kidole.

"Imeandikiwa," alisema.

"Mtoto alikuwa anasomea hapo."

"Hmm." Alilisukuma hadi ukutani, kando ya spika. "Acha hapo. Binti wa Mama Verediana anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Na Papa Laurette, mwambie Jumapili asikae mbele mpaka azungumze na Pasteur."

Mireille alikaribia kulia, na hilo lilimkasirisha. Si kwa ajili ya sanduku. Ni kwa sababu ya lile la kukaa mbele.

*

Saluni ilikuwa imejaa alipofika. Mteja wake wa kwanza, Matilda, Mtanzania aliyekuwa na duka la vipodozi jirani, alikuwa ameshajikalisha kitini na kitabu cha nyimbo mapajani, maana jioni alikuwa na harusi. Mireille alishika kazi. Vidole vyake vilijua njia. Alikuwa amemaliza upande wa kushoto wakati Laurette alipoingia, bado na sare ya darasa la Jumamosi, simu mkononi.

"Maman, Missis Pillay anasema ni sasa. Anafunga ofisi."

"Baba yako?"

"Nimempigia. Hapokei."

Mireille aliendelea na msuko aliokuwa ameuanza, kwa sababu msuko haukatishwi katikati. Kisha akasema, "Soma."

Laurette alisoma kwa Kiswahili, akigeuza polepole, na mashine za kukaushia nywele zilikuwa zinavuma kiasi kwamba ilibidi ainame. Mimi mzazi ninaelewa kwamba ombi hili linafunga. Mwanangu akikubaliwa, ataingia chuo hiki. Ataondoa maombi yake yote mengine. Sitamzuia.

"Imeandikwa hivyo? Sitamzuia?"

"Wameandika kwamba unaunga mkono. Mi nimesema kwa njia nyingine."

"Soma kama ilivyo."

Laurette alisoma kama ilivyo. Haikuwa tofauti sana.

Adabu ilimshinda Matilda. "Dada Mireille, mtoto akipata huko unamtoa kabisa?"

"Natoa."

"Na wewe utaenda kumwona?"

"Kwa karatasi gani?"

Matilda alirudisha macho kwenye kitabu chake cha nyimbo.

Mireille alimtazama binti yake. Alikuwa na nywele fupi, hajasukwa tangu mitihani ianze. Mtoto wa msusi, na kichwa kama cha yatima. Mireille alifikiri kwamba alipaswa kumsuka Jumapili iliyopita.

"Kuna kitu Missis Pillay aliniambia," alisema. "Kuhusu kurudi."

"Najua, maman."

"Unajua nini?"

"Kwamba naweza nisirudi. Nilijua tangu mwezi wa tatu. Niliuliza kabla yako." Laurette alikuwa anaitazama simu, si mama yake. "Ukisema tuache, naacha. Durban itajibu mwezi wa kwanza. Naweza kukaa hapa nakusaidia, mwaka mmoja tu, tuone."

Aliposema hapa, Mireille alitazama. Aliona viti sita, na wanawake sita nyuma yavyo, kila mmoja amekodi kiti chake, na wote walikuwa wamewahi kusema mwaka mmoja tu. Yeye mwenyewe alisema hivyo kwenye kiti hikihiki, na diploma yake kwenye mfuko wa nailoni.

"Lete," alisema.

Palikuwa na mahali pa kuandika jina. Aligusa kioo, kikakataa. Aligusa tena. Vidole vilikuwa na jeli ya kusukia, na simu haikumtambua kuwa ni mtu. Alivifuta kwenye aproni, simu ikakataa. Matilda, nusu ya kichwa imesimama wima kama manyoya ya kuku, alivuta taulo lake begani akampa bila kugeuka. Mireille alifuta kidole kimoja kimoja, kwa nguvu, mpaka vikawa vyeupe. Kisha akaandika jina lake lote kama lilivyo kwenye karatasi, akaangalia herufi, akashuka hadi kwenye kitufe.

Hapo simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake. Papa, kioo kilisema. Neno hilo lilifunika kila kitu, kitufe na jina na kiapo.

Laurette alinyoosha mkono. Mireille hakumpa. Labda Jacques alikuwa ameshasikia habari za sanduku. Labda alikuwa anapiga kusema subiri. Labda alikuwa anapiga kusema saini. Mtu aliyekaa naye miaka yote hiyo, na hakujua ni lipi. Alijua tu kwamba akipokea, litakalosemwa litakuwa la Jacques, na atalazimika kulibeba Jumapili pamoja na mengine yote.

Aliikata simu. Kiapo kikarudi kilivyokuwa. Akabonyeza.

Duara dogo lilizunguka kwenye kioo, kisha yakaja maneno ya pongezi kwamba ombi limetumwa, na karatasi za rangi za kuchorwa zikaanguka kutoka juu kama kwenye harusi ya mtu.

"Sasa mpigie baba yako," Mireille alisema, akarudisha simu. "Mwambie ni mama aliyesaini. Mwambie hivyohivyo, mama peke yake."

Laurette alitoka nje na simu sikioni. Mireille alichovya vidole kwenye jeli, akamgeuza Matilda kichwa, akaanza upande wa kulia.